Upande wa Wilf

Injini ya Mavis Outhwaite iliwekwa chini ya taa siku ya Alhamisi, maonyesho yakiwa Jumamosi, naye akakaa kwenye kiti cha fundi akiwa ameuchimbia mkono wa kulia ndani ya mfuko wa sweta. Hakuna aliyelishangaa jambo hilo. Ukumbi wa kanisa la Skelby haujui joto kuanzia Septemba hadi Mei, na kila mwanachama wa klabu ile ya watengeneza treni ndogo za mfano ana mahali pake pa kuficha mikono.

Klabu yenyewe ina desturi moja kali kuliko ibada yoyote inayofanyika mlango wa pili. Injini ndogo yoyote, kabla haijaruhusiwa kukanyaga reli za stesheni yao, huwekwa mezani chini ya taa ikageuzwa upande huu na ule, na wanachama mmoja mmoja wakataja kasoro. Aliyeitengeneza haruhusiwi kufungua mdomo. Anakaa, anasikiliza, anameza. Wakishamaliza ndipo anapewa nafasi ya kujibu, na jibu lake liwe na ushahidi, ama picha ama mtu aliyeona kwa macho yake. Neno "nadhani" halina kazi pale. Wanaume wazima wameshatoka kwenye meza ile macho yamelowa, kisa bomba la moshi limezidi urefu kwa unene wa kadi ya posta.

Na stesheni yenyewe ni ya siku moja tu. Ukitazama ubao wao, ambao ukiunganishwa unajaza nusu ya ukumbi, unatazama Jumatatu ya Pentekoste ya mwaka 1937, sikukuu, watu wa Skelby wakipanda treni kwenda ufukweni na watoto wao na vikapu vyao. Kitu kilichozaliwa Jumanne yake hakiruhusiwi humo. Bango dogo la sabuni liliwahi kung'olewa ukutani kwa kibano kwa sababu iligundulika sabuni ile ilianza kuuzwa Agosti. Ukiona huu ni wazimu, hauko peke yako, maana Mavis naye aliuona hivyo miaka yote ambayo mumewe, Stan, alikuwa akipotea kila Alhamisi na kurudi ananuka rangi.

Stan alipofariki aliacha injini moja nusu. Mavis aliibeba hadi klabuni ndani ya kikapu cha soko, nia yake kuwapa wamalizie na asirudi tena. Akawakuta wameinamia injini nyingine wakibishana ni nani atakayeichora mistari, kwa kuwa injini za abiria za zama zile zilipakwa rangi ya kijani, na pembeni zikazungushiwa mistari miwili, mweupe na mweusi. Kwenye injini yenye urefu wa shibiri moja, mstari huo unapaswa kuwa mwembamba kuliko unywele. Mavis alikuwa ametumia ujana wake wote kiwandani akizungushia dhahabu midomo ya vikombe. Aliwasikiliza kidogo, akaomba kalamu, akauvuta mstari wa kwanza akiwa amesimama, koti bado mwilini. Mwenyekiti wao, Hedley Spraggon, karani mstaafu wa halmashauri na mtu anayepiga pasi hata leso, alivua miwani akaifuta, akaivaa tena.

Tangu siku ile hakuna mstari uliochorwa katika klabu ile usiotoka mkononi mwake. Alijiunga kwa sharti moja, kwamba kamwe asitegemewe kupika chai. Walicheka, wakakubali, na hawakuwahi kulivunja.

Mkono ulianza kutetemeka majira ya baridi yaliyopita. Mwanzoni alidhani ni uchovu, baadaye baridi, baadaye kahawa, akaacha kahawa bure. Daktari aliutaja ugonjwa kwa jina na Mavis akaliacha jina lile palepale juu ya meza ya daktari. Hakumwambia mtu. Ugonjwa wenyewe haukumtisha kama huruma. Alikuwa ameona walivyomfanya Norman, mjenzi wa nyumba za stesheni, macho yake yalipokwisha. Hakuna aliyemfukuza. Walimpigapiga bega, wakamwita shujaa, wakamkabidhi birika. Kila maonyesho Norman anasimama nyuma ya vikombe, anatabasamu kuelekea sauti za watu.

Basi akajiapiza kumaliza injini moja ya mwisho kabla hawajajua. Ilikuwa *Lady Wearmouth*, mfano wa injini halisi iliyotunzwa depo ya Skelby, iliyovuta treni ya sikukuu siku ileile ya Pentekoste. Stan alikuwa akiiota usingizini. Upande wa kulia Mavis aliumaliza mwezi wa Aprili, katika juma zuri ambalo mkono ulimtii, na upande ule ulitoka safi kiasi kwamba aliutazama akiwa amefunika mdomo. Upande wa kushoto ulimshinda. Alivuta mstari, ukayumba, akaufuta. Akavuta, akafuta. Alijaribu kuegemeza kiwiko kwenye Biblia, kufunga kifundo kwa bendeji, kushika pumzi mpaka macho yakaona giza. Mara ya mwisho alichoka, akaweka kalamu chini, akasema ataufuta akishakunywa maji. Akalala kwenye kiti. Alipoamka rangi ilikuwa imekauka. Kuung'oa mstari ule kungeng'oa na kijani chote. Aliisogeza injini dirishani akauona vizuri, umeyumba kutoka mwanzo hadi mwisho kama mlevi anayetafuta mlango wake.

Alichofanya baada ya hapo alikifanya haraka, kabla hajajiuliza. Alikwangua masizi mlangoni mwa jiko la makaa, akayachanganya na tone la mafuta ya cherehani, akaupaka upande wote wa kushoto mpaka kijani, nyeupe na nyeusi vikawa kitu kimoja cha uchafu. Alijichukia huku akipaka, na hakuacha.

Sasa injini ilikuwa chini ya taa, na Lance Batey, fundi wa magurudumu na mota, mwenye mikono ya muuza nyama na mdomo usiotulia, aliipitia upande wa kulia kwa kioo cha kukuzia.

"Mavis, umenikosea adabu," alisema. "Nimekuja nimejiandaa kukutukana, sasa matusi yangu niyapeleke wapi?"

Wakacheka. Mavis, kwa sheria, alinyamaza. Mwingine alisema taa ya mbele imekaa chini mno, mwingine akampinga. Kisha Hedley akaigeuza, na upande mchafu ukakaa kwenye mwanga. Kicheko kilikatika. Hedley aliinama akaukaribia, akanusa hata, akasema kwamba injini ya treni ya sikukuu kuwa nusu safi na nusu chafu ni jambo asilowahi kuliona, na anaomba ushahidi.

Zamu ya Mavis ikafika. Mkono mfukoni ulikuwa ukipiga paja kama kidege kilichonaswa.

"Stan aliniambia," alisema. "Mjomba wake alikuwa depo siku zile. Siku za sikukuu kazi ilikuwa nyingi, vijana walisafisha upande wa jukwaa la abiria tu, ule unaoonekana na watu. Wa pili waliuacha hivyohivyo."

"Stan hakuwahi kunitajia hilo."

"Stan hakukutajia mengi, Hedley."

Kicheko kikarudi, na kicheko ndicho kilichompitisha. Nani angemwita marehemu mwongo mbele ya mjane wake? Hedley aliona hata raha. Alisema hii ndiyo maana ya kutafuta ukweli, kitu kidogo kama hiki ambacho klabu nyingine zisingekijua. Akagonga meza, injini ikawa imepita. Lance akaleta chai, na kikombe cha Mavis, kama ilivyokuwa siku hizi, kilikuwa nusu. Mavis alifikiri ni ubahili wa Lance. Alikiinua kwa mkono wa kushoto.

Ndipo Hedley akatoa habari aliyokuwa ameitunza kwa ajili ya mwisho, uso umemng'aa. Amempata mtu. Katika nyumba ya wazee kule Thornley Bank yuko mzee anaitwa Septimus Tindall, maarufu Sep, aliyeanza kazi depo ya Skelby akiwa kijana, akisafisha injini, mwaka 1937. Mwaka wenyewe. Alizisafisha, baadaye akachochea moto, baadaye akaendesha. Binti yake atamleta Jumamosi aione *Lady Wearmouth*.

Mavis alitua kikombe polepole.

Ijumaa asubuhi alikwenda nyumbani kwa Hedley kabla hata maziwa hayajachukuliwa mlangoni, akaomba apewe injini airekebishe kidogo. Hakuwa na mpango wowote wa kueleweka. Pengine angeufuta uchafu na kudai ameidondosha injini. Pengine angeiangusha kweli. Hedley alimsikiliza akiwa na aproni, kijiko cha uji mkononi, kisha akamkumbusha kile anachokijua mwenyewe, kwamba injini ikishapita chini ya taa haiguswi mpaka baada ya maonyesho. Vinginevyo taa ina maana gani? Alisema kwa upole, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akamwambia asiwe na wasiwasi, ni kazi yake bora kuliko zote. Mavis alirudi nyumbani kwa miguu, akipita jirani zake bila kuwasalimu.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Skelby haina mengi ya kufanya mwezi wa Oktoba, na hata wasiojua tofauti ya injini na birika huja kwa ajili ya mikate ya siagi na jemu. Norman alikuwa nyuma ya vikombe vyake. Mavis alijibanza karibu na pazia la jukwaa la ukumbi, mahali ambapo angeweza kuondoka bila kuonekana, na kila mlango ulipofunguliwa aligeuka kutazama.

Sep Tindall aliingia akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, shingo nyembamba ndani ya kola ya shati iliyomzidi, kofia mapajani. Binti yake, mama wa makamo mwenye haraka, aliwaonya kwamba baba huchoka upesi na akichoka huwa mkali. Wakampa nafasi ya mbele kabisa, kwenye stesheni. Mzee alitazama ukuta mdogo, taa ndogo za gesi, mabenchi, akaanza kutaja vitu kwa vidole. Pale ndipo aliposimama mkuu wa stesheni na tumbo lake. Pale kwenye kona paka alizalia ndani ya kikapu cha mtu. Hedley alikuwa akiandika haraka, anakaribia kulia kwa furaha.

Treni ikaingia. *Lady Wearmouth* mbele, mabehewa nyuma, upande wa kulia ukitazama watu, kijani kiking'aa, na mistari ile imenyooka. Ilikuja taratibu kama Lance alivyoizoeza, ikasimama jukwaani bila mshtuko. Mzee Sep alivaa kofia yake kisha akaivua. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

"Ndiye," alisema. "Ndiye bibie mwenyewe. Nani kaichora hii mistari?"

Wakamwonyesha Mavis. Mzee alimtazama kutoka mbali akamwinamishia kichwa, na Mavis, ambaye kwa siku nyingine yoyote angeibeba heshima ile mpaka kaburini, alitamani sakafu impokee.

Maana stesheni ya Skelby ni mwisho wa reli. Injini ikishafika huachana na mabehewa, ikaenda kwenye sahani ya kugeuzia, ile sahani kubwa ya chuma iliyo chini ya usawa wa ardhi, ikageuzwa ili itazame ilikotoka. Na ikigeuka, upande wa pili ndio unaokuja mbele ya watu. Lance aliizungusha kwa mpini mdogo wa chuma uliojificha chini ya ubao. Sahani ilizunguka kwa mwendo wa sherehe. Kijani kikaondoka na masizi yakaja.

Mzee Sep aliinama mbele. Alisogeza kiti mwenyewe, gurudumu likagonga ubao.

"Nani kamchafua?"

Hedley aliyachukua maneno yale kama swali la kitaalamu, maskini. Akaeleza kwa fahari kwamba klabu inafahamu jinsi vijana wa siku zile, kwa wingi wa kazi ya sikukuu, walivyosafisha upande wa jukwaa na kuuacha mwingine. Wanao ushahidi.

"Ushahidi wa nani?"

"Wa marehemu Stan Outhwaite. Mjomba wake alikuwa depo."

"Mjomba wake mpumbavu," alisema mzee. "Hebu tumia macho, bwana. Injini si imegeuzwa sasa hivi? Ikirudi pale jukwaani upande upi unatazama watu?"

Hedley alitazama sahani, akatazama jukwaa. Uso wake ulianza kuwa mwekundu kutoka kwenye kola kwenda juu. Watu wazima wote wale waliokaa chini ya taa, wanaoweza kukwambia sabuni ilianza kuuzwa mwezi gani, hakuna aliyekumbuka kwamba injini hugeuka.

Lakini mzee hakuwa na haja ya kushinda ubishi. Mikono yake ilikuwa imekamata kofia na kuikunja.

"Tulikuwa wawili," alisema, na sauti sasa ilikuwa ndogo hata watu wakasogea. "Mimi wa kulia, Wilf Garbutt wa kushoto. Kila siku hivyohivyo. Pentekoste ile tulianza na giza, tukamfuta kwa mafuta mpaka unajiona meno ndani yake. Wilf alikuwa hodari kunishinda, na mimi nilimwambia hivyo mara moja tu, nikiwa nimelewa. Kaondoka na meli yake vitani, hakurudi. Hana kaburi. Mama yake alikuwa akienda stesheni kumwangalia *Lady* anavyopita, upande ule." Akaielekeza kofia kwenye masizi. "Halafu mnaniita nije nione mmemwandika Wilf mvivu mbele ya mji mzima. Ivy, nirudishe nyumbani."

Binti yake alishika kiti. Na pale kwenye pazia Mavis alikuwa na nafasi yake, mlango uko wazi nyuma yake, hakuna anayemtazama. Stan yuko kaburini, hasemi. Wilf hana hata hilo. Angenyamaza tu, na kosa lingekuwa la mjomba asiyekuwepo. Alhamisi wangesafisha injini, wangeukuta mstari, wangemsikitikia, wangemkabidhi birika. Ama asingerudi kabisa. Alitambua kwamba amemtumia maiti mmoja kumpaka matope mwingine, tena Stan, ambaye maishani mwake hakuwahi kusema uongo hata kuhusu samaki aliowavua. Haya aliyoihisi ilikuwa nzito kuliko woga wake wote wa mwaka mzima.

"Bwana Tindall, ngoja," alisema.

Watu wakampisha. Alifika mbele ya kiti, akautoa mkono mfukoni na kuuacha hewani, bila kuushika kwa mwingine, ukatikisika mbele ya macho yao wote.

"Uchafu ule ni wangu. Stan hakusema chochote, wala mjomba wake. Nilishindwa kuchora upande wa pili, nikaogopa mtaninyang'anya kalamu, nikaupaka masizi. Wilf wako sikumjua. Nisamehe."

Mvua ilisikika juu ya paa. Mavis hakuthubutu kumtazama Hedley. Mzee aliutazama mkono ule kwa muda, bila haya, kama watu wa kazi wanavyotazama chombo kilichovunjika.

"Una muda gani nao?"

"Tangu majira ya baridi."

"Na hukuwaambia hawa?"

"Wangekuwa wema," alisema Mavis.

Kitu kilipita usoni mwa mzee, karibu kicheko. Kila asubuhi kule Thornley Bank alikuwa akikatiwa mkate vipande vidogo na wasichana wema. Akanyoosha kiganja, akasema anataka pamba na mafuta. Lance alikuwa na vyote mfukoni, kichupa cha mafuta ya cherehani na bonge la pamba, akavitoa bila kumtazama Hedley, ingawa kila mtu alijua kwamba injini iliyopita chini ya taa haiguswi. Hedley alipepesa macho. Akasogea kando kuwapisha.

Sep Tindall aliipangusa *Lady Wearmouth* palepale juu ya sahani, kuanzia kibanda cha dereva kwenda mbele, kwa duara ndogondogo, jinsi alivyofundishwa akiwa kijana. Pumzi yake ilikuwa nzito. Masizi yalitoka, kijani kikaja, na ndani ya kijani mstari wa Mavis ukajitokeza, mweupe na mweusi, ukiyumba kupanda na kushuka urefu wote wa injini, uchi mbele ya mji. Mwanamke mmoja nyuma alivuta pumzi. Mavis alijilazimisha kuutazama hadi mwisho.

"Umepinda," alisema mzee.

"Najua."

"Lakini safi." Akampa pamba chafu aishike. "Wilf asingeona haya kwa huu. Mgeuze tena, nimwone pande zote."

Lance alikwishashika mpini wa kuzungushia, akauachia, akamsogezea Mavis kiti. Kwenye meza ya pembeni alikuwa ameshamwekea kikombe, nusu, kisije kikamwagika, na safari hii Mavis alikiona kile kikombe na akaelewa tangu lini Lance anajua. Alikaa, akashika chuma kile kidogo, na mara moja sahani ikaanza kutetemeka, injini ikicheza juu yake. Reli za sahani zisipokutana sawasawa na reli za nje, injini huanguka shimoni. Aliacha kuzungusha. Jasho lilikuwa limemtoka chini ya sweta.

"Siwezi, Bwana Tindall. Nitamwangusha."

"Kwani nani kakwambia uifanye peke yako, binti?" Mzee alisogeza kiti chake mpaka magurudumu yakagusana na miguu ya kiti cha Mavis. "Ile kubwa tuliisukuma watu wawili. Mmoja huku, mmoja kule, mgongo umeinama. Mmoja akiteleza mwenzake anashikilia."

Akaweka mkono wake juu ya mkono wa Mavis. Ulikuwa mkavu, wenye mifupa mikubwa, na haukuwa imara sana nao. Walizungusha. Sahani ilikwenda ikisita, ikisimama, ikienda. Upande wa kulia ukapita na uzuri wake wote, wakaendelea, upande wa kushoto ukarudi mbele na mstari wake uliopinda. Reli zikakaribiana, zikapitana kwa unywele, wakarudisha kidogo.

"Imekaa," alisema Sep.

Lance akasukuma swichi. *Lady Wearmouth* ilitoka kwenye sahani bila kugonga, ikarudi kwenye mabehewa yake, ikasimama jukwaani, upande wa Wilf ukitazama watu.

Hedley alikuja akasimama nyuma yao. Alikuwa ameikunja leso yake kama fundo.

"Alhamisi, Mavis," alisema. "Itabidi irudi chini ya taa."

"Najua."

"Mstari umepinda. Tutakwambia hivyo."

"Niambieni," alisema Mavis, na mkono wake aliuacha palepale juu ya meza, ukitikisika, karibu na kikombe.